Jinsi ya Kuzalisha na Kutambua Chaza Tasa wa Triploidi

Chaza aliye tayari kuzaa huwa amejaa uji mweupe wa mayai au manii, na anayemfungua ili amle hukuta nyama laini isiyo na utamu wake wa kawaida. Akishazaa hali huwa mbaya zaidi, kwa maana hubaki amekonda na kuwa majimaji ndani ya gamba, na huchukua wiki nyingi kurudisha akiba ya glaikojeni, yaani wanga unaohifadhiwa mwilini, inayompa ladha. Katika nchi zinazofuga chaza kwa wingi, kama Marekani na Ufaransa, jambo hilo lilikuwa likishusha ubora wa chaza kila kiangazi. Ufumbuzi ulioenea ni kuzalisha chaza mwenye seti tatu za kromosomu, yaani vibeba-urithi vya seli, badala ya mbili. Chaza huyo huitwa triploidi. Hutumia chakula chake kidogo sana kwa uzazi, na kinachobaki hukiweka mwilini. Mwaka 1981 Stanley, Allen na Hidu wa Chuo Kikuu cha Maine walitoa taarifa ya kwanza ya kupata triploidi wa chaza wa Marekani, Crassostrea virginica, na tangu hapo njia hiyo imejaribiwa kwa kome, kombe na hata konokono wa baharini.

Mwongozo huu unamfuata chaza wa Pasifiki, Crassostrea gigas, kwa sababu ndiye anayefahamika zaidi katika kazi hii. Ninauandika kwa ajili ya mafundi wa vituo vya kutotoleshea na wanafunzi wa ufugaji wa viumbe wa majini wanaotaka kuelewa kinachofanyika na sababu yake. Nitasisitiza mambo mawili kuliko mengine yote, kwa kuwa nimeona watu wakiyapuuza na kula hasara: muda wa kulitendea yai husomwa kwenye yai lenyewe chini ya hadubini, wala si kwenye saa ya ukutani, na kundi la mbegu, yaani chaza wachanga wa kufugwa, haliitwi triploidi mpaka lipimwe.

Kinachotokea ndani ya yai

Yai la chaza linapotoka kwa mama yake huwa halijamaliza mgawanyiko wa meyosisi, ule unaopunguza kromosomu katika seli za uzazi. Limesimama njiani, na kinacholiamsha liendelee ni kuingia kwa manii. Seli za kawaida za chaza wa Pasifiki zina kromosomu 20, yaani seti mbili za 10. Baada ya kurutubishwa, yai hutupa nje sehemu ya kromosomu zake mara mbili, na kila mara sehemu hiyo hutoka ndani ya kitone kidogo kinachojitokeza pembeni mwa yai kama chunusi. Hapa nitakiita chembe ya ncha. Chembe ya kwanza ikishatoka, yai hubaki na seti mbili za mama. Ikitoka ya pili, hubaki seti moja, ambayo huungana na seti moja ya baba na kurudisha jumla ya 20.

Mzalishaji wa triploidi huizuia chembe ya pili isitoke. Seti mbili za mama zikibaki ndani na kuungana na ile ya baba, hupatikana kromosomu 30. Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusizuie ile ya kwanza, kwa kuwa nayo imebeba kromosomu za mama. Inawezekana, lakini kuizuia huvuruga mpangilio wa mgawanyiko unaofuata, na matokeo yake ni mchanganyiko wa lava (watoto wachanga wa chaza) wenye idadi za ajabu za kromosomu, wengi wao wakifa siku za mwanzo. Kwa hiyo dirisha letu linafunguka baada ya chembe ya kwanza na kufungwa kabla ya ya pili, na katika maji ya nyuzi joto 25 za Selsiasi upana wake hauzidi dakika chache.

Utasa nao unatokana na hesabu hiyohiyo. Ili mnyama atengeneze mayai au manii, kromosomu zake lazima zipangane wawiliwawili. Zikiwa tatutatu hazipati wenza sawasawa, na utengenezaji wa seli za uzazi hukwama.

Kuandaa mayai

Wazazi hulishwa mwani kwa wingi kwa wiki 4 hadi 8 katika maji yanayopashwa joto polepole hadi karibu nyuzi 20, mpaka viungo vyao vya uzazi vijae. Kwa kazi hii hatuwaachi wazae wenyewe ndani ya tangi, kwa sababu kila jike angetoa mayai kwa wakati wake, ilhali sisi tunahitaji mayai yote yaanze safari pamoja. Tunawafungua, tunachota tone dogo kutoka kwenye kiungo cha uzazi cha kila mmoja, na kulitazama chini ya hadubini. Mayai huonekana wazi kama matone makubwa, mengi yakiwa na umbo la pea, na manii huonekana kama vumbi linalochemka.

Majike watengwe na madume kwenye meza tofauti, kila meza na kisu chake, na mikono ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, maana maji hayo huua manii. Niliwahi kushiriki katika kazi ambapo kisu kimoja kilipita kutoka kwa dume hadi kwa jike bila kuoshwa. Hakuna aliyegundua mpaka tulipopiga jicho kwenye sampuli na kukuta baadhi ya mayai yameshaanza kugawanyika kabla hatujaweka manii. Tuliyamwaga yote, na siku ile nzima ilipotea. Hapakuwa na njia nyingine, kwa sababu mayai yaliyotangulia namna hiyo yanapita dirisha kabla ya dawa kuwekwa na kuzaa chaza wa kawaida watakaochanganyika na triploidi.

Mayai yaliyotolewa kwa kukata huchujwa kwanza kwenye wavu wa mikroni 60 hadi 80 unaozuia vipande vya nyama na kuyapitisha mayai, kisha hukusanywa kwenye wavu wa mikroni 20 na kusuuzwa kwa maji safi ya bahari. Baada ya hapo yanaachwa yakae majini kwa muda wa saa moja hivi. Fundi mwenye haraka huiona saa hiyo kuwa ni ya kupoteza bure, lakini ndani yake mayai hunyonya maji, umbo la pea hugeuka duara, na yote hufikia hatua moja ya ukomavu. Mayai yasiyosubirishwa hutoa chembe ya ncha kwa nyakati zilizotawanyika, na hakuna ustadi utakaoweza kuyakusanya tena.

Manii huchujwa kwenye wavu mwembamba na kuwekwa kwa mara moja, si kidogokidogo, kwa kiasi ambacho ukitazama chini ya hadubini utaona manii kama 5 hadi 10 yamelizunguka kila yai. Yakizidi sana, yai moja huingiwa na manii zaidi ya moja na kuharibika. Hapo hapo saa ya kuhesabia dakika inaanzishwa, na sehemu ndogo ya mayai inatengwa katika chombo chake bila kutiwa dawa. Kundi hili linganishi halipaswi kukosekana kamwe, kwa kuwa litatumika mara tatu: kuonyesha mwendo wa chembe za ncha, kuonyesha lava wangapi wangeishi bila dawa, na kutoa kipimo cha diploidi, yaani chaza wa kawaida mwenye seti mbili, wakati wa kutambua.

Dakika za uamuzi

Dawa iliyozoeleka ni saitokalasini B, ambayo huzuia nyuzi za protini zinazoliminya yai na kuisukuma chembe nje. Ni sumu kali na ni ghali. Huyeyushwa katika DMSO, kimiminika cha kuyeyushia kemikali, kwa uwiano wa miligramu 1 kwa mililita 1, na kwa kuwa DMSO hupenya ngozi ikiibeba sumu pamoja nayo, anayeishika lazima avae glavu, kinga ya macho na koti la maabara, na afanye kazi mahali penye mfumo wa kuvuta hewa. Kipimo cha kawaida ni miligramu 0.5 kwa kila lita ya maji yenye mayai. Kwa ndoo ya lita 5 basi unahitaji miligramu 2.5, ambazo ni mililita 2.5 za mchanganyiko ule.

Sasa tazama kazi inavyokwenda. Mayai yako katika maji ya nyuzi 25 yenye gramu 28 hivi za chumvi kwa lita. Kuanzia dakika ya 10, msaidizi anachota tone kila dakika na kuliweka kwenye kioo cha hadubini, naye fundi anahesabu mayai 100 na kusema ni mangapi yana chunusi. Mwanzoni jibu ni sifuri, na linaweza kuendelea kuwa sifuri kwa dakika kadhaa. Kisha yanaonekana mawili, halafu manane, halafu ishirini na tano. Hesabu ikifika nusu ya mayai yote, dawa inamiminwa na maji yanakorogwa polepole ili ienee. Katika joto hilo mara nyingi huwa ni kati ya dakika ya 15 na ya 20, lakini nambari hizo zichukuliwe kama utabiri wa hali ya hewa: zinakuambia uwe tayari, hazikuambii mvua imeanza. Nyuzi mbili za joto zaidi, jike aliyeiva kupita kiasi, au mayai yaliyokaa majini muda mfupi yanatosha kuisogeza nusu hiyo mbele au nyuma. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki, ambako maji hufika nyuzi 28 na kuzidi, anayenakili dakika zilizoandikwa kwa ajili ya maji ya nyuzi 25 atachelewa, kwa sababu kila kitu ndani ya yai kitakwenda kasi zaidi.

Dawa huachwa kwa dakika 15 hadi 20, huku kundi linganishi likiendelea kutazamwa. Mayai yake mengi yakishatoa chembe ya pili, hatari imepita na dawa haina kazi tena isipokuwa kuua. Mayai yanamwagwa kwenye wavu wa mikroni 20, yanasuuzwa vizuri, kisha yanakalishwa kwa dakika 15 hadi 30 katika maji ya bahari yenye mililita 0.5 hadi 1 ya DMSO kwa lita, ambayo husaidia kuyatoa mabaki ya saitokalasini. Maji machafu ya dawa yakusanywe na kuharibiwa kwa utaratibu wa taka za kemikali. Yasimwagwe mtaroni wala baharini. Kesho yake lava wenye umbo la herufi D huhesabiwa katika makundi yote mawili. Usishtuke kukuta lava wa kundi lililotibiwa ni wachache kuliko wale wa kundi linganishi, kwa kuwa hilo ni jambo la kawaida.

Wasiotaka sumu hiyo wana njia nyingine. Kemikali iitwayo 6-DMAP huyeyuka majini bila DMSO na hatari yake ni ndogo zaidi, na matokeo yake yanakaribia yale ya saitokalasini. Mshtuko wa joto, shinikizo kubwa la maji na kupunguza chumvi ghafla vyote vimewahi kutoa triploidi, lakini mavuno yake hubadilikabadilika sana, na kwa maoni yangu joto na chumvi ni vya kujifunzia maabara kuliko vya kumzalishia mfugaji mbegu.

Njia ya tetraploidi

Hata fundi hodari akitumia dawa hupata mara nyingi asilimia 80 hadi 95 tu ya triploidi. Vituo vikubwa vimeihama dawa na kutumia uzazi wa kawaida: manii ya dume tetraploidi, mwenye seti nne, yana seti mbili kila moja, na yakirutubisha mayai ya jike wa kawaida yenye seti moja, watoto karibu wote huwa na seti tatu. Yai halitiwi kemikali yoyote, na chaza anayefika mezani hajawahi kuguswa na sumu hata alipokuwa yai.

Ugumu ulikuwa kumpata huyo tetraploidi. Majaribio ya mwanzo yaliyotumia mayai ya kawaida yalitoa lava waliokufa, yamkini kwa sababu yai la kawaida ni dogo mno kugawanyika kuwa seli za kutosha zenye kiini kikubwa namna ile. Ximing Guo na Standish Allen, wakiwa Chuo Kikuu cha Rutgers, walitatua tatizo hilo na kuchapisha matokeo mwaka 1994: walichukua mayai machache makubwa yanayotolewa na majike triploidi, wakayarutubisha kwa manii ya kawaida, kisha wakaizuia chembe ya kwanza ya ncha. Miongoni mwa lava waliosalimika walikuwamo tetraploidi, nao walipokua waliweza kuzaa.

Kituo kinachofuga tetraploidi kibebe wajibu mzito kuliko vingine. Huyu si tasa. Akitorokea baharini, yeye au lava wake, ataweza kuchanganyika na chaza wa pori. Maji yote yanayotoka kwenye matangi yake yatibiwe kwa klorini au joto kabla ya kutoka nje, na kila dume apimwe kabla ya kutumiwa, kwa sababu dume mmoja wa kawaida akichanganywa kwa makosa huharibu kundi zima.

Kutambua triploidi

Njia ya mkato ambayo wafugaji hupenda ni kutazama kwa macho. Wakati wa msimu wa uzazi, ukimfungua diploidi utaona kiungo cha uzazi cheupe kama maziwa kimefunika tumbo. Kwa triploidi tabaka hilo ni jembamba, na rangi ya kahawia ya tezi ya mmeng'enyo huonekana kupitia humo. Dalili hii inafaa kuleta shaka, haifai kuthibitisha. Diploidi mchanga, au aliyekwisha kuzaa wiki iliyopita, anafanana naye, na wapo triploidi wanaojaza mayai kiasi cha kumdanganya hata mzoefu. Ukubwa wa gamba pia hauthibitishi kitu.

Kipimo cha kuaminika na cha haraka ni saitometa ya mtiririko, mashine inayopitisha viini vya seli kimoja baada ya kingine mbele ya mwanga na kupima mng'ao wake. Viini hutiwa rangi ya DAPI, ambayo hushikamana na DNA na kung'aa chini ya mwanga wa urujuanimno. Kiini chenye DNA zaidi hung'aa zaidi. Kwa lava, elfu kadhaa hukusanywa, hutiwa katika mchanganyiko wa rangi na sabuni maalumu, na husukumwa mara kadhaa kupitia sindano nyembamba ili seli zivunjike, kisha huchujwa. Kwa chaza mkubwa, damu huvutwa kwa sindano kutoka kwenye msuli wa kufungia gamba kupitia pengo dogo lililokatwa ukingoni, au kipande kidogo cha matamvua hukatwa. Usipotaka kumuua, mlegeze kwanza katika maji yenye gramu 50 za magnesiamu kloridi kwa lita. Atafunguka mwenyewe, nawe utachukua kipande chako na kumrudisha majini.

Pitisha kwanza sampuli ya kundi linganishi na urekebishe mashine hadi kilele chake kwenye mchoro wa mng'ao kisimame kwenye alama 100. Kilele cha triploidi kitasimama karibu na 150, na cha tetraploidi karibu na 200. Bila diploidi wa kulinganisha, kilele kimoja kwenye skrini hakina maana yoyote. Kosa lingine linalojirudia ni kukiona kilele kidogo cha 200 na kutangaza kwamba tetraploidi amepatikana, ilhali ni seli za kawaida za diploidi zilizokwisha kunakili DNA zao zikijiandaa kugawanyika. Lava wanakua haraka, hivyo kilele hicho lazima kiwepo.

Asiye na mashine ahesabu kromosomu. Viinitete vya saa 6 hadi 8 hutiwa kolkisini kidogo ili seli zisimame katikati ya mgawanyiko, huvimbishwa katika maji yaliyopunguzwa chumvi, huhifadhiwa katika mchanganyiko wa sehemu tatu za methanoli na moja ya asidi asetiki, kisha hudondoshwa kwenye kioo na kupakwa rangi ya Giemsa. Kazi hii inachosha macho. Kromosomu hulaliana, na nyingine hupotea wakati seli inapopasuka, kwa hiyo hesabu ya 28 au 29 katika seli moja isikufanye umtangaze kiumbe kuwa na kasoro. Hesabu seli kadhaa za kila kiinitete na utafute idadi inayorudi mara nyingi. Ikirudi 30, umempata.

Swali la mwisho ni kupima wangapi. Ukipima mbegu 10 na wote wakawa triploidi, bado huwezi kumhakikishia mfugaji mengi. Ukipima 60 waliochaguliwa bila upendeleo na wote wakawa triploidi, unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba angalau asilimia 95 ya kundi zima ni triploidi. Huo ndio mpaka wa chini ninaoukubali mimi kabla mbegu hazijatoka kituoni.

Mipaka ya utasa

Neno tasa litumike kwa uangalifu. Guo na Allen walikuta kwamba majike triploidi wa chaza wa Pasifiki hutoa wastani wa karibu asilimia 2 ya mayai ya majike wa kawaida. Watoto wa mayai hayo karibu wote hufa, lakini karibu wote si wote. Tena baadhi ya triploidi hupoteza kromosomu kadiri wanavyokua, na mwili wa chaza mmoja ukawa na seli zenye seti tatu na nyingine zenye seti mbili. Katika miaka ya 1990, chaza wa Pasifiki waliowekwa kwa majaribio kwenye eneo la Chesapeake Bay nchini Marekani waliondolewa majini baada ya hali hiyo kuonekana.

Kwa sababu hiyo, utasa wa triploidi usichukuliwe kuwa ruhusa ya kumleta kwetu chaza wa kigeni. Chaza wa Pasifiki amekwisha kuenea porini katika Bahari ya Wadden huko Ulaya, na hakuna anayeweza kumrudisha. Pwani ya Kenya na Tanzania ina chaza wake wa miamba, Saccostrea cucullata, na ina chaza wa lulu. Atakayetaka kujaribu triploidi hapa aanze na hao, kwa kibali cha mamlaka ya uvuvi na mazingira, na aanze kwa kutengeneza jedwali lake la dakika: mayai ya majike watano, maji ya nyuzi 26, 28 na 30, tone moja kila dakika, mayai 100 kwa kila tone, mpaka ajue chembe ya kwanza na ya pili hutoka lini katika kila joto. Baada ya hapo ndipo anunue dawa. Na mbegu zitakazotoka zipimwe zikiwa lava, zipimwe tena kabla ya kwenda kwa mfugaji, na wachache wapimwe mara ya tatu baada ya mwaka mmoja baharini, matokeo yakiandikwa katika daftari lilelile lililo na dakika za siku walipozalishwa.